Orodha ya Daku



Ndugu msomaji, wiki iliyopita kamati yetu ya futari ilikaa mpaka karibu saa nne usiku ikibishana juu ya swali moja kwenye fomu. Fomu yenyewe ni ya kawaida: jina, namba ya usajili, kitivo, simu. Mmoja wetu akapendekeza liongezwe swali la mwisho, "Umefunga leo?", na kila anayekuja kupokea sahani atie alama kabla hajapewa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ramadhani iliyopita chakula kilituishia mara tatu watu wakiwa bado kwenye foleni, na wengi pale uwanjani walijua kwamba miongoni mwa waliotangulia mbele walikuwamo walioonekana mchana kantini na soda mkononi.

Mimi nilikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo wanaonijua watashangaa kulisikia. Nilipoulizwa nina nini nikasema nitaandika, kwa kuwa nilichokuwa nacho kilikuwa kisa kirefu na kikao kilishachoka. Kisa chenyewe ni hiki. Ni cha shule ya sekondari, nilipokuwa mimi ndiye mwenye orodha.

Kidato cha tano na cha sita nilisoma katika shule moja ya bweni mashariki ya Uganda. Jina lake silitaji, kwa sababu shule haina kosa katika ninayotaka kuyasema, au ikiwa nalo basi ni kosa la shule nyingi. Iliasisiwa na kanisa, inasaidiwa na serikali, na inapokea watu wa dini zote. Waislamu tulikuwa wachache pale kama tulivyo wachache nchini. Sensa ya 2014 ilituhesabu kuwa asilimia 13.7. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Tunadeki, tunakwenda prepu, tunapiga mstari, tunaingia darasani. Mchana posho na maharage, jioni maharage na posho. Jumamosi mdahalo, ambao niliupenda kupita kiasi. Jumapili wenzetu wakiwa kanisani sisi tulikusanyika katika karakana ya zamani ya useremala tuliyopewa iwe msikiti wetu. Tuliifagia kila wiki kwa miaka miwili na bado ukisujudu ulinusa vumbi la mbao.

Muhula wa kwanza wa 2016 nikachaguliwa amiri. Walio na uzoefu wanajua kwamba uamiri wa shule ni kazi ya tarishi yenye jina kubwa. Unapanga nani ataadhini, unaomba ruhusa ya kwenda Ijumaa mjini, unasimama mbele ya naibu mkuu wa shule kila mara Mwislamu mmoja akichelewa kurudi. Lakini Ramadhani ikiingia, amiri hupewa kitu kimoja chenye uzito: orodha ya daku.

Hapo inabidi nieleze mambo yalivyokwenda. Katika shule ile hakuna aliyekula bila kadi ya chakula. Kadi ilitolewa na mhasibu, na mhasibu aliitoa akishaona stakabadhi ya benki. Aliyelipa nusu alipewa kadi ya muda, ya wiki mbili au tatu, kisha ikafa. Mlangoni mwa bwalo alisimama kiranja wa chakula, na hakuwa na mchezo. Katika Ramadhani, lakini, waliofunga hawakupita mlango ule. Amiri aliandika majina, nakala moja akampa naibu mkuu wa shule, nyingine akampa mpishi mkuu, na mpishi akapima unga kwa idadi ya majina. Saa tisa na nusu usiku tulikuta sufuria mbili nje ya jiko: posho na maharage yaliyopashwa, na chai. Jioni kulikuwa na chai ya maziwa, mkate, tende moja moja tulizoletewa na wafanyabiashara Waislamu wa mjini, na siku ya Ijumaa wali. Sisi wa karibu na Ikweta hatuna dhiki ya saa kama ndugu zetu wa kaskazini ya Ulaya. Iwe Juni au Desemba, saumu yetu ni saa kumi na tatu na ushei, na jua huzama karibu na saa moja. Hata hivyo kijana wa miaka kumi na minane akisoma fizikia saa tisa alasiri na tumbo tupu, ile chai ya maziwa anaiona ubaoni.

Daku hiyo haikupatikana bure. Maamiri watatu kabla yangu waliipigania. Naibu mkuu wa shule aliporuhusu alitoa sharti moja, naye alilirudia mbele yangu: siku atakapomkamata mtu anayekula mchana bwaloni na usiku kwenye sufuria zetu, ataifuta daku kwa wote. Amiri niliyempokea alinikabidhi daftari la majina kwa mikono miwili na kuniambia neno moja: amana. Nilikuwa na majina 43.

La 44 lilikuwa la kijana aliyelala juu yangu. Vitanda vyetu vilikuwa vya ghorofa, mimi chini, yeye juu, na alikuwa akijulikana kuwa Mkristo, ingawa si wa kanisani sana. Usiku wa kwanza wa Ramadhani niliposhuka kitandani kwa kunyata, akaning'iniza kichwa na kuninong'oneza: "Sheikh, kesho niandike na mimi." Nikamwuliza kwa nini. Akasema marehemu baba yake alikuwa Mwislamu, kwamba yeye alilelewa na wajomba upande wa mama, na kwamba angependa kufunga kama baba yake.

Ndugu zangu, sikumwuliza la pili. Furaha niliyokuwa nayo! Kesho yake nilisimama katika karakana baada ya Maghrib nikawatangazia wenzangu, wakapiga takbira mbao zikatikisika. Nilimfundisha nia ya saumu kwa maneno mepesi. Nilimpa kofia yangu ya pili. Kwa siku kadhaa nilitembea shuleni kama mtu aliyefungua mji. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu bila hili yaliyofuata hayaeleweki.

Siku ya tisa, baada ya kipindi cha mwisho cha asubuhi, nilizunguka nyuma ya tangi la maji kwenda kuchukua nguo zangu kambani. Alikuwa amekaa pale amegeukia ukuta. Alikuwa na embe bichi na chumvi kidogo kwenye kipande cha karatasi ya daftari, na alikuwa akilila na kokwa lake, kwa haraka, kama mtu anayetafuna dawa. Hakuniona. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nguo nikaziacha.

Nilikuwa na saa saba za kufikiri mpaka Maghrib. Nilizitumia kuandaa maneno. Jioni, watu wamekaa mistari miwili, tende mkononi, mimi nikafungua daftari nikasoma majina kama ilivyokuwa desturi, na nilipofika mwisho nikasema kwa sauti ya mdahalo wa Jumamosi kwamba jina la 44 nimelifuta, kwamba chakula hiki ni cha waliofunga, na kwamba kuna mtu amekula embe mchana huu nyuma ya tangi la maji na kuja kukaa na waja wa Allah. Sikumtaja. Sikuwa na haja ya kumtaja, watu wote waligeuka. Akaiweka tende juu ya mkeka, polepole, akavua kofia yangu akaiweka juu ya tende, akatoka.

Wengine walinisifu. Mmoja alisema Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) angefanya vilevile. Siku ya kumi na nne ya Ramadhani mhasibu akabandika kwenye ubao wa matangazo majina ya wanaodaiwa karo, na tarehe kadi ya kila mmoja ilipokwisha. Kadi yake ilikuwa ya wiki mbili. Ilikufa siku mbili kabla mwezi haujaandama.

Kwa hiyo sasa tunaweza kuihesabu njaa yake. Kabla ya Ramadhani, siku mbili, sijui alikula nini. Tangu usiku wa kwanza mpaka wa tisa alikula daku yetu na futari yetu, na mchana hakula kitu, kwa sababu hakukuwa na mlango wa kumpitisha. Alikaa na njaa saa zile zile nilizokaa mimi. Tofauti yetu, ukiacha lile embe, ilikuwa mbili. Mimi nilikuwa na nia, na njaa yangu ilikuwa na saa ya kuisha. Yake haikuwa na adhana ya kuimaliza. Na mimi ndiye niliyeiondoa hata ile ya kuazima.

Nimeligeuza jambo hili miaka mingi, na kwanza nataka kuwatendea haki waliokuwa upande wangu, nami nikiwamo. Alisema uongo, au angalau aliniacha niamini jambo lililomfaa. Orodha ilikuwa ya waliofunga. Sharti la naibu mkuu wa shule lilikuwa la kweli, na angelijua lile embe, watu 43 wangefunga mwezi mzima bila daku. Aliyekabidhiwa mali ya watu hana ruhusa ya kuwa mkarimu nayo. Wengi wetu tumesikia mimbarini kisa cha Umar bin Abdul-Aziz aliyeizima taa ya mafuta ya dola alipotaka kuzungumza mambo yake binafsi, na kisa hicho hatukisimulii kwa ajili ya mafuta. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumfuta ilikuwa kazi yangu, siwezi kumwambia amekosea kabisa.

Ninachoweza kusema ni kwamba sikumfuta kwa ajili ya amana. Ningekuwa naihofia amana ningemwita pembeni, maana siri ilikuwa salama: mimi peke yangu ndiye niliyeliona embe. Naibu mkuu wa shule hakujua, mpishi hakujua. Aliyelitangaza kwa watu 43 ni mimi, na kwa kulitangaza ndipo nilipoihatarisha daku ya wote, kwa sababu jambo linalojulikana na watu 43 bwenini halifichiki kwa walimu zaidi ya siku mbili. Mlinzi gani wa amana huivunja kasha ili aonyeshe kwamba analilinda? Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimepigiwa takbira kwa ajili yake. Alikuwa kombe langu, na kombe likaonekana ni la bati.

Tunajua sote kisa cha Usama bin Zayd, aliyemuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akidhani ametamka kwa kuogopa upanga, na jinsi Mtume (rehma na amani zimshukie) alivyomkaripia kwa kumwuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Nilikisoma kisa kile mwenyewe katika darsa la Jumapili, katika karakana ile ile, wiki chache kabla. Sikukiona kuwa kinanihusu kwa kuwa sikuwa na upanga. Tena nilidhani kinahusu kosa la upande mmoja tu, la kumhukumu mtu kuwa mnafiki. Sikufahamu kwamba nilikosa mara mbili. Siku ya kwanza nilidai naujua moyo wake ni mweupe, siku ya tisa nikadai naujua ni mweusi. Mara zote mbili sikuuliza swali la kawaida ambalo mama yeyote angeliuliza: mwanangu, umekula?

Saumu ni ibada ya ajabu kuliko zote katika jambo hili. Sala inaonekana, zaka inahesabika, hija ina tiketi. Saumu haina ushahidi. Aliyefunga na aliyekosa chakula wanafanana midomo. Katika Hadithi Qudsi Allah ameihusisha na nafsi yake na kuchukua mwenyewe kazi ya kuilipa, na wanazuoni wengi wameeleza kwamba miongoni mwa sababu ni hiyo siri yake. Sasa sisi, viongozi wa wanafunzi wenye daftari la mistari, tunataka kuifanya iwe na alama ya ndiyo na hapana.

Ndiyo maana dada mmoja wa kamati, siku ile ya kikao, alipouliza kwa upole swali moja, ukumbi ulinyamaza. Aliuliza: "Na sisi siku ambazo hatufungi, tutatia alama gani?" Wanaume sita tulikuwa hatujalifikiria. Sheria imempa mwanamke ruhusa na ikaifunika. Fomu yetu ingemtaka aifunue kila jioni mbele ya kijana mwenye kalamu, au aseme uongo, au akae na njaa chumbani. Na mgonjwa wa vidonda vya tumbo je, na mwenye kisukari ambaye hata mwenzake wa chumbani hajui? Ghazali alipoandika juu ya kukataza maovu katika Ihya aliweka sharti kwamba ovu lenyewe liwe dhahiri bila kupelelezwa. Fomu inayouliza kila siku ni upelelezi uliopewa karatasi nzuri.

Lakini mweka hazina wetu hakukubali, na hoja yake ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi kuliko ya yule mwenye fomu. Nilimtajia hadithi inayojulikana, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyetoka usiku na sadaka yake ikaangukia mkononi mwa mwizi, usiku wa pili kwa mwanamke mzinifu, wa tatu kwa tajiri; watu wakamsema mjini, naye kila mara akamshukuru Allah, na mwishowe akajulishwa kwamba huenda kwa sadaka ile mwizi akaacha wizi, mwanamke akaacha uzinifu, tajiri akazingatia naye akatoa. Mweka hazina akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Yule alitoa mali yake. Sisi tunatoa ya watu, na watu wametuambia ni ya kuwafuturisha waliofunga. Mafaqihi hawachezi na sharti la mtoaji." Ni kweli. Sharti la mwenye kuweka wakfu limepewa uzito mkubwa sana katika fikihi, na mtoaji wa futari anatafuta thawabu maalumu, ile ya kumfuturisha aliyefunga. Ni nani aliyenipa mimi ruhusa ya kuibadilisha thawabu yake bila kumwuliza?

Sina jibu zuri la kumpa isipokuwa hili: tuwaulize watoaji. Nashuku, na hii ni shaka yangu tu, kwamba mwenye duka aliyetuletea tende shuleni angeambiwa kuna mtoto humu hajala tangu juzi kwa kukosa karo, asingeuliza dini yake wala nia yake. Angeuliza anadaiwa kiasi gani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia, kwa sababu aliyekuwa na nafasi ya kumwambia alikuwa mimi, na mimi sikujua, na sikujua kwa sababu orodha yangu ilikuwa na swali moja tu na swali hilo halikuwa la njaa.

Ningependa tusilifanye hili kuwa jambo la moyo wangu peke yake. Tangu 2007 serikali yetu ina mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, na umewaingiza darasani vijana wengi ambao wasingeingia. Lakini mpango ule haulipi posho ya bweni, na Sheria ya Elimu ya 2008 imeliweka jukumu la kumlisha mwanafunzi mikononi mwa mzazi au mlezi. Mlezi akiwa ni mjomba mwenye watoto wake saba, kadi inakufa Juni. Mhasibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na deni la mahindi kwa mfanyabiashara. Kiranja wa mlangoni hakuwa mbaya, alikuwa na miaka kumi na saba na amri ya kutii. Kila mmoja alikuwa na orodha yake na kila orodha ilikuwa sahihi. Katika shule nzima palikuwa na sufuria mbili tu ambazo mtu angeweza kuzifikia bila stakabadhi ya benki, na sufuria hizo zilikuwa zetu, za Waislamu wachache wa karakana ya useremala. Kila nikilikumbuka hili huona heshima tuliyokuwa tumepewa bila kujijua.

Sura Al-Maa'uun tunaisoma mara nyingi kwa kuwa ni fupi. Inazungumza juu ya wenye kuswali, na juu ya asiyehimiza kulishwa maskini, na juu ya wanaonyima msaada mdogo wa kila siku, na ukiitazama haimwulizi maskini kitu chochote. Katika Al-Baqara wametajwa mafukara ambao asiyewajua huwadhani wanajiweza kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba. Mimi nililala chini ya mmoja wao, godoro lake likikwaruza kichwa changu, na nikadhani anajiweza. Alipofika mahali pa kuomba, hakuomba chakula. Aliomba kufunga. Fikiria mtu anavyolazimika kuona haya mpaka njia rahisi ya kuomba posho iwe kusema anataka kufunga.

Hivi ndivyo nilivyokuwa nimepanga kuimaliza makala hii, na ningekuwa nimekosea mara ya tatu. Nilipokuwa naiandika niliona si haki kumsema mtu katika jarida, hata bila jina, bila kumwuliza. Baada ya Ramadhani ile hakuwahi kunitajia jambo lile, wala mimi sikumtajia. Wiki iliyofuata alirudishwa nyumbani kwa karo, akarejea muhula wa tatu, na tukaendelea kulala juu na chini mpaka mtihani wa kidato cha sita, tukiazimana rula na mafuta ya viatu. Ramadhani ya 2017 yeye ndiye aliyeniamsha daku usiku mmoja nilipopitiwa, kwa kunigusa bega na mguu. Jina lake halikuwa kwenye orodha na hakuomba liwemo. Basi nilimtafuta kupitia kundi la simu la darasa letu, nikamtumia maelezo haya yote, nikamwomba msamaha, nikamwuliza kama naruhusiwa kuyachapisha.

Alinyamaza siku mbili, kisha akanitumia ujumbe wa sauti. Alisema ameruhusu. Alisema baba yake alikuwa Mwislamu kweli, hilo hakulitunga. Halafu akasema hivi, nami nimeyaandika kama alivyoyasema: "Lakini umekosea kitu kimoja. Siku sita za kwanza nilifunga. Chakula sikuwa nacho, ni kweli, lakini kila alfajiri nilikuwa nasema moyoni kama ulivyonifundisha. Siku ya saba kichwa kiliniuma, nikaacha kusema. Siku ya tisa ndiyo ya embe. Ungeniuliza wakati ule kama nafunga kwa sababu ya baba au kwa sababu ya posho, nisingejua nikujibu nini. Hata sasa sijui."

Nimeusikiliza mara nyingi. Mwenyewe hajui. Na sisi tulitaka kuweka kisanduku cha kutia alama.

Kikao kingine ni Jumamosi baada ya Isha, na fomu bado haijachapishwa. Mweka hazina amenitumia ujumbe kwamba kisa changu ameshakisikia na kimemgusa, lakini anataka nije na jibu la hesabu: tukiliondoa lile swali na watu 20 zaidi wakaja, sahani 20 kwa siku 30 zitatoka wapi, maana hataki tena kumwona aliyefunga akirudi na sahani tupu. Ana haki. Nimeandika majina ya maduka matano ya mjini ambayo kamati haijawahi kuyaendea. Nitakwenda kesho asubuhi, na nitawaambia wenyewe wazi kwamba baadhi ya watakaokula huenda hawakufunga, ili wanaokubali wakubali wakijua.